Kitufe cha J na Kunguru wa Bofu

Jambo lenyewe, nikilijumlisha lote, lilinigharimu siku tisa za likizo, nusu chupa ya mafuta ya nazi, shilingi mia nne na hamsini za fundi, bei ya spiriti, kitufe kimoja kilichokwenda na kunguru, na heshima niliyokuwa nayo mbele ya Meneja, ambayo hata hivyo haikuwa nyingi. Nimehesabu mara mbili. Sioni pa kupunguza.

Nayataja haya mapema kwa sababu siku ya kuniaga kazini mlinipa saa ya ukutani, zawadi nzuri kabisa kwa mtu ambaye hana tena pa kuchelewa, kisha mkasema, "Bi Mwanasha, tuandikie basi namna ya kuitunza ile kibodi nzito. Sisi tunaiogopa." Haya. Nimekaa barazani kwangu Bofu, Likoni, nina muda, na sasa nina na saa. Yaliyobaki ni kuwaeleza, na mwisho nitawaomba kitu, kwa hiyo someni mpaka chini.

Nilipoanza kazi pale Changamwe sikuwa fundi wa chochote. Nilikuwa nimesomea kupiga chapa, na kampuni yetu ya kutoa makontena bandarini ndiyo kwanza ilikuwa inaleta kompyuta. Aliyenipokea ni Mzee Kyalo, Mkamba mfupi mwenye miwani aliyoifunga mkono mmoja kwa uzi wa mshipi. Alikuwa fundi wa taipureta tangu ujana wake, na wiki ileile alikuwa ameambiwa taipureta zimekufa, ahamie kwenye kompyuta. Alichukia. Katika kompyuta nzima alichokubali kukishika ni kibodi peke yake.

"Hiyo ingine yote ni televisheni," aliniambia. "Kibodi ndio mashine."

Na kweli zilikuwa mashine. Nyinyi mmezoea hizi nyembamba, ambazo chini ya vitufe vyote kuna karatasi moja ya mpira na basi. Zile za Mzee Kyalo kila kitufe kilikuwa na swichi yake na springi yake mwenyewe, kama kila mpangaji na jiko lake. Ukibonyeza, chini kunalia tak, na kidole kinajua kwamba herufi imeingia. Uzito wake ni wa kubeba kwa mikono miwili. Ukimpiga nayo mwizi, atakayehitaji fundi ni mwizi.

Siku hiyo ya kwanza alinipa moja aliyokwisha kuivua vitufe vyote, vimo ndani ya sufuria, akaniambia nivihesabu. Nikahesabu. Mia na moja.

"Hesabu tena."

"Nimeshahesabu, mzee."

"Msichana, nimekuuliza kama umeshahesabu?"

Nikahesabu tena. Mia. Nikarudia, jasho linanitoka, nikapata mia. Nikainama chini ya meza, nikapekua mpaka kwenye viatu vyangu. Mzee Kyalo alikunywa chai yake yote bila haraka, ndipo akafungua kiganja, na kitufe cha Q kimelala mle ndani.

"Mara ya kwanza unahesabu vitu," akasema. "Mara ya pili unahesabu watu."

Tangu siku hiyo nahesabu kila kitu mara mbili, chenji ya sokoni ikiwemo, na mume wangu amekuwa akilalamika kwamba hata vipande vya samaki kwenye sahani yake vina daftari.

Vifaa vyake vilienea kwenye kopo moja la maziwa ya unga. Brashi mbili, moja ya kupakia rangi na nyingine ya kunyolea ndevu, kwa sababu nywele zake ni laini na hufika chini ya kitufe bila kukwaruza. Spiriti ya mafundi, ile safi. Ya hospitali msiitie, huwa imechanganywa na mafuta na hayo mafuta hubaki ndani. Na kikoleo cha waya, alichokikunja mwenyewe kutoka spoki ya baiskeli: ncha mbili zinapita ubavuni mwa kitufe, zinakamata chini, unavuta juu wima, taratibu, kinatoka na shukrani. Kisu hapana. Kijiko hapana. Nimemwona mhasibu mmoja akichomoa kitufe cha namba tano kwa ufunguo wa kabati, na miguu ya kile kitufe ikabaki ndani ya swichi. Mwaka mzima aliandika tano kwa kalamu.

Maadui wa kibodi katika ofisi ya Mombasa si wale wanaoandikwa kwenye karatasi za watengenezaji. Wao wanaogopa vumbi. Sisi tuna chumvi ya hewani, inayokula springi polepole kama mkopo. Ndiyo maana kila jioni niliifunika kibodi kwa kipande cha kanga, na za karibu na dirisha nilizifunika mara mbili. Tuna mabuyu. Unga mwekundu wa mabuyu ukishaingia na vidole vikawa na jasho, umepata rangi, sukari na gundi kwa pamoja, na kufikia Alhamisi umepata na chungu. Tuna ubani wa Ijumaa, na jivu lake halichagui pa kutua. Na tuna chai. Ikimwagika, chomoa waya kwanza. Msipige kelele, msiite jina la mtu, msibonyezebonyeze kuona kama bado iko hai. Waya kwanza, kisha igeuze kifudifudi, kisha ndiyo mumtafute mwenye kikombe. Chai ya rangi utaisamehe. Ya maziwa haikauki, inahamia.

Hayo ndiyo mafunzo. Sasa kesi yenyewe.

Wengi wenu mnamfahamu Bi Rehema kama yule mama wa simu anayewatambua kwa hatua zenu kabla hamjafungua mdomo. Kwa wageni niseme: Bi Rehema haoni tangu utotoni, na katika idara nzima hakuna anayechapa upesi kumshinda. Sikio la kushoto lina simu. Madereva na makarani wanampigia kutoka bandarini, wanamtajia nambari za makontena, herufi nne na tarakimu saba, wengine wakitafuna. Sikio la kulia lina kisikizi, na humo kompyuta inamsomea alichokiandika. Masikio yote mawili yako kazini, kwa hiyo kilichobaki cha kumwambia kwamba herufi imeingia ni vidole. Vidole vyake vinakaa nyumbani kwa kupapasa vinundu viwili vidogo, kimoja kwenye F na kimoja kwenye J, na vinapiga kibodi nzito ya Mzee Kyalo. Mzee Kyalo alipostaafu akahamia kwa mwanawe Port Reitz, alinikabidhi kopo lake la vifaa na maneno mawili: "Ya Rehema."

Akaja Meneja mpya. Simtaji jina, asije mama yake akaona haya. Alikuja na kiyoyozi kikubwa na maagizo ya kibodi nyembamba zisizo na kelele, zote za rangi moja, ili ofisi ifanane. Nzito zote zikapakiwa kwenye gari la chuma chakavu kabla sijamaliza kuuliza. Ya Bi Rehema ilipona kwa sababu aliilalia kwa mikono miwili na akakataa kuelewa Kiswahili.

Meneja akamjaribu kwa nyembamba. Nambari ishirini za makontena. Bi Rehema alikosea sita, mtu ambaye kwa wiki nzima hakosei sita. Kidole hakikujua kimefika wapi.

"Bi Rehema, kampuni si jumba la makumbusho," Meneja akamwambia. "Nakuachia hiyo yako. Lakini siku ikikwama, inakwenda stoo, na kazi ya simu nitampa anayeweza kutumia vifaa vya kampuni."

"Na mimi niende wapi, Bwana Meneja?"

"Tutaona."

Sote tulijua "tutaona" iko upande gani wa geti. Bi Rehema alikuwa akisomesha watoto wawili kwa vidole vile.

Haukupita mwezi, kibodi ikaanza kukwaruza. Vitufe vya safu ya kati vilishuka kama vinapita mchangani. Nilijua la kufanya: kufungua, brashi, spiriti. Lakini spiriti ilikuwa imeisha, na ombi langu la kununua lilikuwa mezani kwa Meneja likingoja sahihi, wiki ya tatu. Nikaichukua kibodi Ijumaa jioni, nikavuka nayo feri nimeifunga kwenye kanga kama mtoto, nikakaa uani kwangu nikawaza. Bawaba ya mlango wangu inalia, naipaka nini? Mafuta ya nazi. Cherehani ya marehemu mama ilipakwa nini? Mafuta ya nazi. Mtoto akizaliwa? Nikachukua unyoya wa kuku, nikachovya, nikatia tone moja kila swichi. Safu ya kati matone mawili.

Wallahi ililainika kama ulimi wa dalali. Nikaipiga nzima, tak tak tak, mpaka jirani akauliza kama nimenunua mashine ya kukoboa. Jumatatu Bi Rehema akaipapasa, akacheka peke yake. "Shoga, umeifanya bikira."

Saa nne asubuhi ilikwama.

Vitufe vilishuka, havikupanda. Vikipanda, vinapanda kwa kufikiri. Nikaikimbilia kabla Meneja hajatoka chumbani mwake, nikasema naikagua kawaida, jioni nikaipeleka Bofu. Kule Bofu ilipiga kama kawaida, haina hata homa. Nikaongeza mafuta kidogo, kwa usalama. Kesho yake, saa nne, ikakwama. Nikairudisha Bofu, nzima. Mara tatu nilivuka na kibodi ile, na mara tatu ilipona upande wa Likoni na kuugua upande wa Changamwe, mpaka watu wa feri wakaanza kunisalimu kwa kuuliza, "Mgonjwa hajambo?"

Ofisini kila mtu akawa daktari. Kadzo, binti wa Kigiriama aliyekuwa mapokezi, aliifukizia ubani siku isiyo Ijumaa. Dereva mmoja alisema ni jini la saa nne. Na ushahidi wa ajabu ukawa huu: siku stima ikipotea na jenereta ikiwashwa, baada ya muda kibodi inapona yenyewe, tak tak tak, na stima ikirudi inaugua tena. "Yaogopa jenereta," Kadzo akasema. "Kibodi ya kihuni hiyo, yataka kelele." Mimi fundi, mwenye kopo la Mzee Kyalo, nilisimama pale nikitikisa kichwa kama mwenye elimu. Sikufikiria kwamba jenereta yetu inaendesha kompyuta na taa, na haiendeshi kiyoyozi.

Siku hizo zote Bi Rehema alikuwa akipokea simu huku akiandika nambari kwa kichwa, anazishika kumi au kumi na mbili akingoja vitufe vipande, na Meneja alikuwa amekwisha kupita mara mbili nyuma ya kiti chake bila kusema kitu. Meneja akinyamaza ujue anaandika barua.

Siku ya nne nilitoka nje kupunga hewa, yaani joto, nikamkuta Kadzo amechuchumaa ukutani juani, ameinua chupa yake ya mafuta ya nywele.

"Wafanyani hapo?"

"Nayayeyusha, Bi Mwanasha. Hiki kiyoyozi cha Meneja, na kipupwe hiki, meza yangu imekuwa Limuru kwa baridi. Ona mafuta yangu ya nazi, yamekuwa mshumaa."

Nikaitazama ile chupa. Nyeupe pe, kama samli.

Nilisimama pale muda ambao sitautaja. Mimi, mtu wa Likoni, niliyepakwa mafuta ya nazi kabla sijapewa jina. Mimi niliyekuwa nikitumwa na mama kila mwezi wa saba asubuhi, "Mwanasha, kaiweke chupa juani." Mtu wa bara angekosea hivi ningemcheka mpaka Krismasi yake. Swichi mia na moja nilikuwa nimezitia mshumaa, na kila zilipokataa niliongeza.

Nikaingia ndani kumwambia Bi Rehema, kwa sauti ya chini.

"Shoga, nina la kukwambia. Mle ndani nilitia mafuta ya nazi."

"Najua."

"Wajua?"

"Mimi sioni, Mwanasha, pua sikunyimwa. Tangu Jumatatu kibodi yanuka kichwa cha mtoto wa siku saba. Nilidhani umeniwekea manukato."

"Mbona hukusema?"

"Fundi ni wewe au ni mimi?" Akavua kisikizi. "Haya. Wewe uliyeigandisha, igandue. Nina watoto wawili shuleni, na vidole hivi havijui kazi nyingine. Na upesi, Meneja kaniambia Jumatatu ya wiki ya pili nifanye jaribio tena. Nambari ishirini."

Tukaomba likizo pamoja, yeye na mimi, siku tisa. Kwenye fomu niliandika "mambo ya familia." Meneja alitia sahihi palepale, ile ya spiriti ilikuwa bado iko chini ya kikombe chake.

Nilipita Port Reitz kwanza. Mzee Kyalo alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akacheka bila sauti mabega yakitikisika, mpaka mjukuu wake akaja kuangalia kama babu hajambo.

"Mafuta ya wali! Na kitunguu uliweka?"

"Shikamoo, mzee. Nimekuja kuomba ushauri."

"Ushauri ni huu: mahali umeme inapita, mafuta inatafuta nini? Hata ya cherehani hapana. Hata ya gari. Inashika vumbi leo, kesho inakuwa ugali. Vua vitufe yote, osha kwa sabuni, kausha kivulini. Swichi moja moja na spiriti, mara tatu, kila mara unabonyeza huku imeinama itoke uchafu. Siku mbili ikauke kabla ya kurudisha waya. Na uhesabu."

"Mara mbili, mzee."

"Wewe fanya tatu."

Spiriti niliinunua Kongowea kwa pesa yangu. Muuzaji aliitaja bei, nikataja nusu, akaniuliza kama nimekuja kununua au kutania, nikamwambia vyote viwili. Tukakutana katikati, na kitambaa cha kufutia akanipa bure ili niondoke.

Nikavua vitufe kwa kikoleo, mia na moja. Nikaviosha kwenye sufuria kwa maji ya vuguvugu na sabuni, nikavitandaza kwenye ungo, uani, chini ya kibanda cha makuti. Kivulini, kama nilivyoambiwa. Jua la Bofu hugeuza plastiki manjano. Niliketi pembeni na swichi zangu na brashi ya ndevu. Kila kitu nilikifanya kwa kanuni. Kanuni za Mzee Kyalo ziliandikwa ndani ya ofisi yenye dirisha la wavu, hazikumtaja kunguru.

Alitua ukingoni mwa ungo, akavikagua vitufe kama mwanamke anayechagua nyanya, akainama mara moja, akaruka. Nikatupa brashi, nikatupa kiatu, nikatupa na maneno ambayo nimeyatubia. Alikaa juu ya paa la mabati la jirani, kitu cheusi mdomoni, akanitazama, kisha akaelekea Mtongwe.

Nikahesabu. Mia. Nikahesabu tena. Mia. Safari hii hapakuwa na Mzee Kyalo wa kufungua kiganja.

Nikavipanga safu kwa safu nione ni kipi. Pale nyuma ipo ile Scroll Lock, ambayo tangu nianze kazi sijaona binadamu akiibonyeza. Angeichukua hiyo ningempa na mkate. Alichukua J. Katika mia na moja, alichukua kimoja cha vile viwili ambavyo Bi Rehema anaanzia safari zake zote.

Nikajaribu kuipachika ile Scroll Lock mahali pa J. Bi Rehema aliipapasa mara moja tu. "Hii kama kuvaa kiatu cha mtu," akasema, na ni kweli, kila safu ya vitufe ina mwinamo wake. Kinundu nilichokitia juu kwa tone la gundi kilibanduka kabla ya chakula cha mchana. Nzito nyingine za kuchomolea kitufe hazikuwepo, Meneja alizigeuza chuma chakavu. Zilibaki siku tatu.

Ndipo nikaenda Bombolulu kwa Ngala. Ngala ni mchongaji, anachonga vifungo vya nguo na hereni za vifuu vya nazi kwenye karakana kule. Miguu yake ilipooza utotoni na mdomo wake haujapata kupooza hata siku moja. Nikamwekea mezani kitufe cha K kiwe mfano.

"Nataka ndugu yake. Chenye kinundu hapa chini."

Akakigeuza, akaitazama miguu yake ya chini. "Mia saba."

"Mia saba kwa kitufe? Hebu nikuhesabie. Kibodi ina vitufe mia na moja. Kwa bei yako kibodi nzima ni elfu sabini na mia saba!"

"Basi niletee vyote mia na moja, nitakupunguzia."

"Ngala, kibodi mpya ni mia nane."

"Kanunue."

"Mia mbili."

"Mama, kwa mia mbili nitakuchongea kile kinundu peke yake, uende ukitafutie kitufe."

Nikamweleza basi. Habari za Bi Rehema, nambari ishirini, Jumatatu. Hakusema pole, aliuliza tu vidole vyake ni vyembamba au vinene. Akashuka mpaka mia nne na hamsini, kifuu nilete mwenyewe, na sharti moja: mwenye kidole aje.

Bi Rehema akaja, wakakaa mchana kutwa. Ngala anapiga msasa, yeye anapapasa. "Bado." Msasa. "Bado, kimepinda upande wako." Msasa. "Wewe mama una mkono mgumu kuliko mke wangu." "Mkeo haandiki nambari za makontena." Juu kilikuwa kifuu, chini kijiti cha mpingo chenye miguu ya kuingia kwenye swichi, na gundi katikati. Jua linazama Bi Rehema akaweka kidole, akakiacha hapo. "Hapo," akasema. "Hapo niko nyumbani."

Jumatatu Meneja aliteremsha kiyoyozi mpaka nyuzi kumi na saba, sijui kwa nia au kwa joto lake mwenyewe. Nilikuwa nimevaa kanga mbili. Akazisoma nambari ishirini, harakaharaka kama anayesoma kiapo. Tak tak tak, na kila J ilipopigwa kulikuwa na mlio mzito kidogo, tok. Kadzo alisimama mlangoni na chupa yake. Kompyuta ikachapa karatasi, Meneja akaipitia kwa kalamu kutoka juu hadi chini, kisha akarudi juu. Ndiyo mara ya pekee niliyomwona akihesabu mara mbili.

Hakukuwa na kosa.

"Hiyo kelele lakini," akasema. "Haiwezi kupunguzwa?"

"Bwana Meneja," Bi Rehema akajibu, "hiyo kelele ndiyo risiti yangu."

"Na hiyo moja mbona inalia tofauti?"

Bi Rehema akanigeukia mimi. "Mwanasha atakueleza. Ni mambo ya nazi."

Sikumweleza. Alihamishwa kabla sijapata nafasi, na ombi la spiriti lilipatikana chini ya vitu vyake, limetiwa sahihi.

Sasa ombi langu mimi. Kile kitufe kimefanya kazi miaka saba. Kifuu hakijambo, mpingo haujambo, kinachoshindwa ni gundi. Kila kipupwe nimekuwa nikikibandua na kukibandika upya. Ile gundi ya haraka ya dukani hukauka ikawa kama glasi, na baridi ya ofisi huipasua. Ya mbao ya Ngala hulainika siku kiyoyozi kikizimwa. Ile ya kuchanganya mirija miwili inashika sana, lakini ni nene, kitufe kinasimama juu ya wenzake na Bi Rehema analalamika kwamba anapanda ngazi. Ngala nimemuuliza, anasema yeye ni wa vifuu, gundi nimuulize aliyeitengeneza.

Juzi Bi Rehema amenipigia. Hakunisalimu hata. "Shoga, J yacheza."

Mimi sina tena ruhusa ya kuingia getini na kopo langu, na kopo lenyewe nimewaachia kwenye kabati la chini, na kikoleo kimo. Nyinyi mmesoma, mna simu za kuuliza dunia nzima. Niambieni: gundi gani inashika kifuu na mpingo, iwe nyembamba kama jasho, isipasuke kwa baridi ya Changamwe wala isiyeyuke stima ikipotea? Msiijaribu kwake kwanza, jaribuni kwenye kipande kingine, nimewawekea vifuu vitatu kando ya kopo. Mafuta ya nazi msinitajie.

Bi Rehema amebakiza miezi ishirini na moja astaafu. Nimehesabu mara mbili. Kitufe cha J sidhani kama kinayo hata miwili. Nishaurini.